Derrick Bell: profesa wa sheria aliyeacha kazi kuliko kunyamaza (uzi mrefu, kaa kwa kutulia)

NyundoMbao (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kuna mchangiaji humu alisema profesa akishapata ajira ya kudumu anakuwa bubu mpaka siku ya kustaafu. Nilicheka, maana wapo. Ila nikamkumbuka Mmarekani mmoja aliyeipata ajira hiyo pale Harvard, kisha akaitupa. Nimlete hapa. Wasiopenda kusoma wapite kimya kimya.

Tuanzie kwa mama yake. Pittsburgh, miaka ya 30, ukata umeshika nchi nzima. Mama Ada Bell anakaa nyumba ya kupanga, ngazi za nyuma zimeoza na mwenye nyumba kila akiambiwa hasikii. Siku ya kodi mama anamchukua mwanawe mkubwa, wanaenda ofisini kwa mwenye nyumba. Anatoa noti, anazionyesha, anasema kodi hii hapa, siku mkitengeneza ngazi mtaichukua. Anazirudisha kwenye pochi, anaondoka. Ngazi zikatengenezwa. Na si zake tu, hata majirani walipata ngazi mpya.

Yule mtoto aliyeshikwa mkono ndiye Derrick Bell, aliyezaliwa 6 Novemba 1930. Kama unataka kumwelewa mtu huyu, mweke mama na zile noti mbele ya macho. Maisha yake yote alirudia jambo lilelile, tofauti ni kwamba noti alizozirudisha mfukoni zilikuwa mshahara wake mwenyewe.

Chuo alimaliza Duquesne, palepale Pittsburgh, 1952. Akaingia jeshi la anga, akapelekwa Korea. Aliporudi akasoma sheria Chuo Kikuu cha Pittsburgh, akamaliza 1957 akiwa mweusi pekee darasani. Akapata kazi Wizara ya Sheria, Washington, kitengo kipya cha haki za raia. Kwa kijana mweusi wa wakati ule, hiyo ni bahati ya mtende.

Wakubwa wakagundua ana kadi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi. Wakamwambia airudishe, eti ina mgongano wa maslahi. Akakataa. Wakaanza kumnyima kazi za maana, na mwaka 1959 akaondoka. Hiyo ni ya kwanza, hesabuni wenyewe.

Naendelea.

---

Dagaa Mchele

Nimeweka kiti mkuu. Shusha.

---

Mama Pacha

Huyo mama wa ngazi nimempenda kabla hata ya profesa. Mwenye nyumba wangu angeona hivyo angetufungia umeme wote.

---

NyundoMbao

@Mama Pacha 😀 tuendelee.

1960 akachukuliwa na Thurgood Marshall, aliyekuwa anaongoza mfuko wa utetezi wa kisheria wa NAACP. Ndiye Marshall aliyeshinda kesi ya Brown mwaka 1954, pale Mahakama ya Juu iliposema kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba. Kushinda karatasini ni jambo moja. Kuna majimbo ya kusini yalikaa miaka kumi bila kumhamisha hata mtoto mmoja. Ndipo kazi ya akina Bell ilipoanza: kwenda wilaya kwa wilaya, kufungua kesi dhidi ya bodi za shule. Alisimamia zaidi ya 300. Mississippi ilikuwa sehemu kubwa ya eneo lake, na alikuwemo kwenye timu ya wakili mwenzake Constance Baker Motley iliyomwingiza James Meredith, kijana mweusi, Chuo Kikuu cha Mississippi kilichokuwa cha wazungu tu, mwaka 1962.

Sasa kuna kijiji ambacho ndicho roho ya uzi huu. Kinaitwa Harmony, wilaya ya Leake, Mississippi. Weusi wa pale walikuwa na mashamba yao wenyewe, si vibarua wa mtu, kwa hiyo walikuwa wagumu kutishwa. Miaka ya 20 walijenga shule yao kwa nguvu zao, wakichangiwa na mfuko wa hisani wa Rosenwald. Baadaye wilaya ikaifunga.

Dada wawili, Winson na Dovie Hudson, wakamwendea Bell na ombi dogo kabisa: tusaidie shule yetu ifunguliwe.

Bell akawaambia haiwezekani. Sera ya ofisi yake ni kuvunja utengano, si kufufua shule za weusi. Wakitaka kuishtaki wilaya ili watoto wao waingie shule za wazungu, atawasaidia. Kinyume na hapo, hana la kufanya. Wale kina mama wakaenda wakafikiri, wakakubali.

Walilipa. Watu walifukuzwa kazi, walinyimwa mikopo, nyumba zilipigwa risasi usiku. Amri ya mahakama ilipofika 1964, aliyeingia shule ya wazungu mwaka huo alikuwa mtoto mmoja tu wa darasa la kwanza. Mmoja!

Bell anasimulia jioni moja alikuwa anatembea kwenye barabara ya vumbi na mama mmoja wa pale, Biona MacDonald. Benki ilikuwa inataka kumnyang'anya shamba, ingawa hakuwahi kuruka rejesho hata moja. Mwanawe alikuwa amefukuzwa kazi. Dirisha la sebuleni lilikuwa limepigwa risasi. Bell akamuuliza, mama, unapata wapi moyo wa kuendelea? Akajibu kuwa yeye ni bibi mzee tu, anaishi kwa ajili ya kuwasumbua wazungu.

Bell anasema alilielewa jibu hilo baada ya miaka mingi. Yule bibi hakusema anaishi ili ashinde. Hakukuwa na dalili ya kushinda. Kuwasumbua kwenyewe kulimtosha, kwa sababu siku akiacha ndipo wangekuwa wamemmaliza.

---

Kobe Mwendapole

Hapo kwa akina Hudson mkuu, mimi kama wakili wa kujitegemea napata ukakasi. Mteja kaja anataka A, wewe unamuuzia B kwa kuwa B ndiyo wafadhili wako wanaitaka. Nimeshuhudia shirika moja la msaada wa sheria likiwafanyia hivyo wanakijiji kwenye mgogoro wa ardhi. Wananchi walitaka fidia wahame zao. Mawakili walitaka hukumu ya kihistoria. Hukumu ikapatikana. Fidia mpaka leo hawajaiona.

---

NyundoMbao

@Kobe Mwendapole umefika kabla yangu. Hicho ndicho Bell alichokiandika mwaka 1976 kwenye jarida la sheria la Yale. Kichwa chake kinarudi kwenye ile ya Biblia, kutumikia mabwana wawili. Alisema waziwazi: sisi mawakili wa haki za raia tuliendelea kupigania kuchanganya watoto mashuleni wakati wazazi wengi weusi walishaanza kusema wanachotaka ni shule nzuri, iwe imechanganywa au haijachanganywa. Tukawa tunaitumikia ndoto yetu na wafadhili wetu, tukimwacha mteja nje ya mlango.

Wenzake wa zamani walichukia. Msisahau wakati huo huo Boston watu walikuwa wanapigana barabarani kwa sababu ya mabasi yaliyopeleka wanafunzi shule za mitaa mingine ili weusi na wazungu wachanganyike, na wazungu wapinzani walikuwa wanatafuta hoja yoyote. Mtu aliyepeleka zaidi ya kesi mia tatu anasimama anasema huenda tulikosea! Mimi kwangu makala hii ndiyo kubwa kuliko yote aliyoandika, kuliko hata ile maarufu ya 1980 nitakayoifikia. Ilihitaji ujasiri zaidi, kwa sababu aliyekuwa anashtakiwa humo ni yeye.

---

Dagaa Mchele

Harvard je? Tunasubiri Harvard.

---

NyundoMbao

Haya, Harvard.

Aprili 1968 Martin Luther King anauawa. Wanafunzi weusi vyuoni wanakuja juu: mbona walimu wote wazungu? Shule ya Sheria ya Harvard ikamleta Bell 1969, na 1971 akapewa ajira ya kudumu, mweusi wa kwanza katika shule hiyo. Kwa wasiojua mambo ya kule, ajira hiyo ni ile ambayo chuo hakiwezi kukufukuza hivi hivi. Ni ya mpaka uchoke mwenyewe.

Mwaka 1973 akatoa kitabu cha kufundishia kuhusu rangi na sheria ya Marekani. Kabla ya hapo somo lenyewe karibu halikuwepo kwenye mitaala, mwalimu angefundishia nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 80 akaondoka kwenda kuwa mkuu wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Oregon. Huko kukatokea nafasi ya mwalimu. Mwanamke mmoja mwenye asili ya Asia alikuwa wa tatu kwenye orodha. Wawili wa juu, wanaume wazungu, wakakataa kazi. Walimu badala ya kushuka kwa wa tatu wakasema tutafute upya. Bell akajiuzulu ukuu, 1985. Ya pili hiyo. Na angalieni, hapo hakuwa anamtetea mweusi mwenzake.

Kabla ya kurudi Harvard alipita Stanford 1986 kama mwalimu mgeni, kufundisha sheria ya katiba. Kilichompata huko kinachekesha kwa uchungu. Wanafunzi wakalalamika kwa walimu wengine kwamba jamaa anazungumzia sana utumwa. Chuo, bila kumwambia, kikaandaa mihadhara ya ziada ya katiba na kuitangaza kama fursa ya wote, kumbe ni ya kuziba pengo la darasa lake. Wanafunzi weusi ndio waliofichua siri siku ya mhadhara wa kwanza. Ikafutwa, mkuu wa shule akamwomba radhi. Fikiria umri aliokuwa nao, vitabu alivyoandika, na bado watu wanamwekea tyusheni ya siri!

---

Mama Pacha

Tyusheni ya siri 😂😂 maskini baba wa watu.

---

Mwenye Kikoi

Habari zenu ndugu zangu, mimi niko Nairobi, nasoma tu pembeni lakini hapa lazima nichangie. Huyo Thurgood Marshall mnayemtaja ana historia na sisi Kenya. Januari 1960, wakati wa mkutano wa katiba wa Lancaster House pale London, Tom Mboya alimwalika awe mshauri wa wajumbe Waafrika. Akaandika rasimu ya haki za binadamu za katiba yetu. Ajabu ni kwamba alitumia nguvu nyingi kulinda haki za wachache, na wachache kwetu walikuwa wazungu na Wahindi. Mtu aliyezoea kutetea wachache weusi kwao akaja kutetea wachache wazungu kwetu. Sijui kama Bell aliwahi kuliwaza hilo.

---

NyundoMbao

@Mwenye Kikoi ahsante sana ndugu, umenipa daraja la kwenda makala ya 1980. Kuna mwanahistoria wa sheria, Mary Dudziak, aliyeandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo ya Marshall na Kenya. Dudziak huyohuyo ndiye aliyechimba nyaraka za serikali na kuthibitisha alichokidai Bell.

Bell alidai nini? Kwenye jarida la sheria la Harvard aliuliza swali la kimbea kabisa: kwa nini Mahakama ya Juu iliamka 1954 na si kabla? Weusi walikuwa wameshtaki mashuleni kwa zaidi ya miaka mia moja, tangu kesi za Boston kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jibu lake: mweusi hupata haki pale tu haki hiyo inapokutana na maslahi ya wazungu wenye maamuzi. Maslahi yakiachana, haki inabaki karatasini.

Mwaka 1954 maslahi yalikuwa haya. Vita Baridi vimepamba moto, Marekani inagombea mioyo ya Afrika na Asia na Mrusi, na Mrusi kila siku anaonyesha picha za weusi walionyongwa mtini. Wanajeshi weusi wamerudi kutoka vita ya Hitler wakiwa hawataki tena kuitwa boi. Na kusini penyewe matajiri wanataka viwanda, ubaguzi unawafukuza wawekezaji.

Dudziak alipofungua mafaili mwaka 1988 akakuta ushahidi tele. Wizara ya Sheria yenyewe iliiandikia mahakama Desemba 1952 kwamba ubaguzi unakipa kinu cha propaganda ya wakomunisti nafaka ya kusaga. Hukumu ilipotoka, ndani ya saa moja Sauti ya Amerika ilikuwa inaitangaza duniani kwa lugha zaidi ya thelathini. Wakati mtoto wa Harmony bado anasubiri miaka kumi.

Na Waafrika tumo kwenye hesabu hiyo. Mwaka 1961 mabalozi wa nchi zetu changa walikuwa wanakataliwa chakula kwenye mahoteli ya barabara namba 40, Maryland, wakitoka New York kwenda Washington. Balozi wa Chad alikuwa mmojawapo. Serikali ya Kennedy ikahangaika kuwabembeleza wenye hoteli. Mweusi mzaliwa wa Maryland alikuwa amekataliwa hapohapo miaka yote bila Ikulu kushtuka.

---

Kisu Butu

Mimi nitaharibu sherehe. Huyu jamaa anasifiwa kwa kuacha kazi, lakini mwenye sifa za Harvard anaacha kazi akiwa na pa kutua. Mlinzi wa getini akiacha kazi kwa msimamo analala njaa. Pili, ukiondoka wewe mweusi pekee, waliobaki wanafundishwa na nani? Umewasusia maadui au umewasusia wanafunzi wako?

---

NyundoMbao

@Kisu Butu hoja ya pili ina uzito. Alipokwenda Oregon, Harvard haikuziba pengo. Kwenye mwaka wa 1983 ililetwa kozi fupi ya wiki tatu chini ya Jack Greenberg na Julius Chambers, mawakili wa ule mfuko wa NAACP. Wanafunzi walitaka mwalimu mweusi wa kudumu, si kozi ya kupita, kwa hiyo wakaisusa, wakaanzisha kozi yao mbadala wakialika walimu wa vyuo vingine na kutumia kitabu cha Bell. Kimberlé Crenshaw, ambaye baadaye naye alikuja kuwa profesa wa sheria, alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Mwaka 1989 kundi hilo na wenzao wakakutana Madison, Wisconsin, na ndipo lile jina la nadharia hakiki ya rangi (critical race theory, yaani kuchunguza jinsi ubaguzi ulivyojengeka ndani ya sheria zenyewe), ambalo wanasiasa wa Marekani wanapigana nalo leo, lilipoanza kutumika. Kwa hiyo pengo aliloacha lilizaa kitu. Ila sikatai kwamba wapo waliotaka tu mwalimu, hawakutaka historia.

Hoja ya kwanza sasa. Twende 1990.

Shule ya Sheria ya Harvard ina maprofesa wa kudumu kama 60. Weusi watatu, wote wanaume. Wanawake watano, hakuna mweusi. Wanafunzi wanamtaka mwalimu mgeni Regina Austin, mwanamke mweusi, apewe nafasi, uongozi unasema taratibu haziruhusu. Aprili Bell anatangaza: nachukua likizo bila malipo mpaka siku mwanamke mweusi atakapopewa ajira ya kudumu. Mshahara wake ulipita dola laki moja kwa mwaka.

Kwenye mkutano wa wanafunzi aliyemkaribisha jukwaani alikuwa kijana mwembamba, baba yake Mjaluo wa Kenya, ndiyo kwanza amechaguliwa kuwa mweusi wa kwanza kuongoza jarida la sheria la Harvard. Mnamjua. Video hiyo iliibuliwa na wapinzani wake kwenye uchaguzi wa 2012 kana kwamba ni bomu.

Kisichosemwa sana ni nyumbani. Mke wake, Jewel, alikuwa na saratani ya matiti. Bell alipomweleza anachotaka kufanya, Jewel aliuliza: kwa nini kila mara iwe wewe? Jewel alifariki Agosti mwaka huohuo.

Mimi hapo huwa nasimama. Sioni shujaa, naona mume. Mtu mwingine angesema nyumba yangu inaungua, haki isubiri mwaka ujao. Hata sasa sijaamua kama ningemheshimu zaidi au kidogo zaidi angefanya hivyo.

---

Mama Pacha

Swali la Jewel ni swali la kila mke wa mwanaharakati. Huyo mama naye angeandikiwa uzi wake.

---

Kisu Butu

Sawa, nimepunguza makali. Harvard walifanya nini?

---

NyundoMbao

Likizo mwisho miaka miwili. 1992 wakamwambia rudi au umeacha kazi. Hakurudi. Wakamwondoa. Mweusi wa kwanza kupewa ajira ya kudumu, akaipoteza kwa hiari.

Pa kutua palikuwepo, hapo uko sahihi. John Sexton, mwanafunzi wake wa zamani, alikuwa mkuu wa shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha New York (NYU), akamchukua. Lakini Bell alikaa pale kama mwalimu mgeni, mwaka mmoja baada ya mwingine, mpaka alipofariki 5 Oktoba 2011 akiwa na miaka 80.

Mwaka huo wa 1992 ndipo alipotoa kitabu chenye hadithi ya wageni kutoka anga za juu. Wanatua pwani ya Marekani na ofa: dhahabu ya kulipa madeni yote ya nchi, dawa ya kusafisha mazingira, nishati isiyo na madhara. Wanachotaka ni weusi wote, wapelekwe wasikojulikana. Taifa linajadili, linapiga kura, 70 kwa 30, wachukueni. Profesa wa sheria anaandika hivyo! Wenzake wengi walisema amekata tamaa au amepotoka. Hata Randall Kennedy, mweusi mwenzake palepale Harvard, alishawakosoa hadharani yeye na wenzake mwaka 1989, akitaka ushahidi zaidi na hadithi chache.

Binafsi naona hadithi ile ina kasoro: wazungu wake wote wanafanana mno. Lakini madarasani bado inawasha moto, maana kila mwanafunzi hujikuta anahesabu moyoni kura za darasa lake.

Na mwanamke mweusi? Harvard ilimwajiri Lani Guinier mwaka 1998. Miaka minane tangu Bell aseme naondoka.

---

Kobe Mwendapole

Nirudi kwa akina Hudson. Bell aliwahi kuwaambia alichokiandika kwenye ile makala ya mabwana wawili? Au alikiri kwa wasomi tu?

---

NyundoMbao

Alimwambia Winson. Ilikuwa miaka mingi baadaye, wote watu wazima, walipokutana tena. Akamwambia ukweli kwamba akitazama nyuma hana uhakika kama ushauri aliowapa ulikuwa sahihi.

Winson akamjibu kwamba hata yeye aliwahi kujiuliza hivyohivyo. Ila limeshafanyika, wamefika hapo, na bado wanakwenda.

---

Dagaa Mchele

Mkuu, weka na ya Constance Baker Motley siku ukipata nafasi. Kiti sitoi.